Kipimo cha PSA cha mzee kimerudi juu: hatua kwa hatua kabla hamjakubali operesheni

Maswali ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni yale yale kila siku. "Mzee wangu kapima PSA imekuja 9, ni kansa?" "Baba kaambiwa afanyiwe operesheni ya tezi, atapona?" "Daktari kasema tukate haraka, tukubali?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, kwa sababu na mimi nilishakaa hapo ulipokaa wewe, nimeshika karatasi ya baba yangu ina 11.8 na kialama cha mshale unaoelekea juu, wiki mbili nzima nyumbani hakuna aliyelala vizuri, alafu baadae ndo inakuja kujulikana kuwa siku anatolewa ile damu alikuwa na maambukizi ya mkojo ambayo hakuna aliyeyaulizia.

Mi siyo daktari, ni mtoto niliyemuuguza baba na kujifunza njiani. Hapa nakupa utaratibu wa kufuata, maamuzi ni ya mzee na daktari wake. Ila mtu akinijia na swali la operesheni mi namrudishia swali moja kwanza: operesheni ipi? Tisa kati ya kumi wananyamaza hapo. Ukimaliza kusoma hapa nataka wewe usinyamaze.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi yenyewe ya majibu, siyo namba uliyosomewa kwenye simu. Iwe na tarehe, jina la maabara na kipimio chake, mara nyingi ni ng/mL.
- Majibu yote ya zamani ya PSA kama yapo, hata ya miaka mitano nyuma. Tafuteni kwenye mafaili, kwenye begi la mzee, popote.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba na vitamini. Usimuulize "unatumia dawa gani", mwambie akuletee zenyewe uzione.
- Magonjwa yake mengine: presha, kisukari, moyo, figo, kiharusi, operesheni alizowahi kufanyiwa na dawa zinazomdhuru.
- Habari za ukoo: nani aliugua kansa ya tezi dume, ya matiti au ya ovari, na akiwa na umri gani.
- Daftari na kalamu. Mtu akishasikia neno kansa chumba cha daktari, yanayofuata hayasikii tena.
- Ruhusa ya mzee mwenyewe. Hili watu wanalipita. Haya ni mambo ya mkojo na ya chumbani, baba anaweza asitake kuyasema mbele ya binti yake au hata kijana wake, kwahiyo muulize nani angependa aingie naye, labda ni mdogo wake au rafiki yake, na usikasirike kama siyo wewe.

Hatua ya 1: Isome namba kwa utulivu

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume. Kila mwanaume mwenye tezi anayo kwenye damu. Ikiongezeka maana yake tezi imekuwa kubwa, au imevimba kwa maambukizi, au imesumbuliwa na kitu, au ina kansa. Namba peke yake haikwambii ni kipi kati ya hivyo.

Maabara nyingi zinaweka mstari kwenye 4. Lakini PSA inapanda na umri, madaktari wengi kwa mzee wa miaka 60 na kitu wanavumilia mpaka 4.5 hivi, na wa miaka 70 na kitu mpaka 6.5. Kati ya 4 na 10 ni eneo la kijivu, kwa makadirio yanayotumika sana karibu mmoja kati ya wanne ndo hukutwa na kansa akichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupimwa maabara, maana yake watatu hawana. Ikivuka 10 uwezekano unapita nusu. Ikifika mamia hapo daktari anawaza kansa iliyosambaa mpaka ithibitishwe vingine, na njia ya matibabu inabadilika kabisa, nitaieleza huko mbele.

Kosa la hapa: kulinganisha na jirani. "Fulani alikuwa na 20 na yuko hai, baba ana 6 tu." Wapo wenye 20 ya tezi kubwa tu, na wapo wenye 3 wakiwa na kansa kali. Namba ya jirani haina kazi kwenye faili la baba yako.

Hatua ya 2: Tafuta kilichoipandisha

Muulize mzee, taratibu na kwa heshima, kuhusu siku chache na wiki chache kabla ya kutolewa damu:

- Alikuwa na homa, mkojo unachoma, mkojo una harufu? Maambukizi yanaipandisha PSA sana na huchukua wiki kadhaa kushuka hata baada ya dawa.
- Mkojo uliziba ghafla, au aliwekewa mpira wa mkojo? Hiyo pia inapandisha.
- Alikutana na mama, au mbegu zilitoka kwa namna yoyote, ndani ya siku mbili?
- Aliendesha baiskeli mwendo mrefu?
- Aliwahi kuchukuliwa kinyama au kufanyiwa kitu chochote kwenye tezi wiki za karibuni?

Alafu kuna mtego wa upande wa pili ambao unanitisha zaidi. Kama mzee anatumia finasteride au dutasteride, zile dawa za kupunguza tezi, baada ya miezi sita mpaka mwaka zinashusha PSA karibu nusu. Kwahiyo karatasi ikisema 3 isome kama 6. Familia inafurahi "imeshuka" kumbe ni dawa ndo imeishusha. Na ikianza kupanda mzee akiwa bado anazimeza hizo dawa, hata kama iko chini ya 4, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Rudieni kipimo

Namba moja haitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu. Kama hakuna dalili za hatari na namba haijaenda mbali sana, daktari mara nyingi ataagiza irudiwe baada ya wiki kadhaa. Kama kulikuwa na maambukizi yatibiwe kwanza, kisha msubiri kama wiki sita hivi ndo mpime. Maabara iwe ile ile, maana mashine tofauti zinatoa namba tofauti kidogo. Siku mbili kabla mzee asikutane na mama na asipande baiskeli.

Baba yangu kutoka 11.8 ilishuka mpaka 5.6. Haikurudi kawaida kabisa na tuliendelea na vipimo, lakini mazungumzo na daktari yakawa mengine kabisa.

Tahadhari: msimezeshe mzee antibayotiki ovyo ili tu namba ishuke wakati mkojo umepimwa na hauna maambukizi. Mtapoteza muda na hamtakuwa mmejua chochote.

Hatua ya 4: Muone daktari bingwa wa njia ya mkojo

Tegemea atafanya haya: ataulizia mkojo, atapima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, atapima mkojo wenyewe, damu ya kuangalia figo, na ultrasaundi ya kuona ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa.

Kidole. Wazee wengi wanakataa hapa na wengine wanatoroka kliniki kabisa. Mweleze mapema asije akashtukizwa, ni kama dakika moja, daktari anasikilizia kama tezi ni laini au ina kinundu kigumu, na kinundu kigumu kinaweza kuwepo hata PSA ikiwa nzuri. Daktari akielezwa kuwa mzee ana aibu huwa anamstahi.

Ulizeni pia kuhusu PSA huru. Ni sehemu ya PSA isiyoshikana na protini nyingine, ikiwa chini ya asilimia 10 ya PSA yote wasiwasi unaongezeka, ikivuka 25 unapungua. Inasaidia zaidi kwa wale wa eneo la kijivu. Na ukubwa wa tezi ukishajulikana gawanya PSA kwa ujazo wake. Mfano PSA 6 kwa tezi ya mililita 80 unapata 0.075, tezi kubwa yenyewe inatosha kuieleza hiyo 6. PSA 6 kwa tezi ya mililita 25 ni 0.24, imepita 0.15 ambayo madaktari wengi wanaitumia kama mstari wa kuanza kushtuka. Namba moja, wazee wawili, hadithi mbili.

Hatua ya 5: MRI kwanza kama inapatikana

Kama mnaweza kuipata, MRI ya tezi, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla ya kinyama inasaidia sana, inaonyesha sehemu ya kulenga na wengine inawaepusha na sindano kabisa. Majibu yanakuja kwa alama za PI-RADS kuanzia 1 mpaka 5. 1 na 2 wasiwasi ni mdogo, 3 iko katikati, 4 na 5 kinyama kinahitajika. Alama ya 5 bado siyo jibu la kansa, ni picha inayotia shaka kubwa. Na kama MRI haipatikani msikae miezi mnaisubiri, kinyama kinachukuliwa kwa ultrasaundi pia.

Hatua ya 6: Kuchukua kinyama

Hii biopsi ndo inayosema kuna kansa au hakuna. Sindano inachukua vipande vyembamba, kawaida kama 12, kupitia njia ya haja kubwa au kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Hii ya pili ina hatari ndogo ya maambukizi, ulizeni kama wanaifanya.

Kabla ya siku hiyo mwambieni daktari kuhusu aspirin, warfarin, clopidogrel au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Msizikatishe wenyewe. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo akiacha dawa bila mpango anaweza kupata kiharusi kwa ajili ya kipimo.

Baada ya hapo damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku kadhaa ni kawaida, na kwenye mbegu inaweza kuonekana wiki kadhaa, mwambie kabla asije akatishika peke yake usiku. Homa, kutetemeka kwa baridi, mkojo kugoma kutoka au damu ya mabonge, hivyo ni hospitali usiku huo huo. Narudia, usiku huo huo, maambukizi ya damu baada ya biopsi hayangoji asubuhi.

Na lile neno linalozunguka kwamba ukichokoa kansa kwa sindano inasambaa mwili mzima, limewafanya wazee wengi waje wakiwa wamechelewa. Usiliache likae nyumbani kwenu.

Hatua ya 7: Soma majibu ya kinyama

Tafuta kwenye karatasi neno Gleason, ndo kipimo cha ukali wa kansa. Utaona namba mbili zinajumlishwa, mfano 3+4=7. Namba ya kwanza ni aina iliyotawala, ndo maana 3+4 na 4+3 zote ni 7 lakini ya pili ni kali zaidi. Inaanzia 6 mpaka 10. Watu wanaona 6 kati ya 10 wanadhani wamevuka nusu ya njia ya kifo, wakati 6 ndo ya chini kabisa na mara nyingi ni ya kufuatiliwa tu. Karatasi za sikuizi zina pia kundi la 1 mpaka 5: Gleason 6 ni kundi la 1, 3+4 la 2, 4+3 la 3, 8 la 4, na 9 au 10 la 5.

Andika pia vipande vingapi kati ya vyote vimekutwa na kansa na kwa asilimia ngapi. Ombeni nakala ya ripoti nzima, mkihitaji maoni ya daktari wa pili mtaitaka.

Majibu yakisema hakuna kansa haimaanishi faili limefungwa, sindano inaweza kupita pembeni. Endeleeni kupima kwa ratiba atakayotoa daktari.

Hatua ya 8: Jueni imefika wapi

Kama kansa ipo na ina dalili za ukali, au PSA ni kubwa, kunafanyika vipimo vya kuona kama imetoka nje ya tezi: CT, skani ya mifupa, na kwenye vituo vyenye uwezo PET ya PSMA, skani inayotafuta seli za kansa ya tezi dume mwilini. Kansa ya tezi dume inapenda mifupa, hasa mgongo na nyonga. Usikubali mpango wa kutoa tezi yote kwa kansa ya kundi la juu bila mtu kukueleza wameangalia wapi na wameona nini.

Hatua ya 9: Sasa uliza, operesheni ipi?

Hapa twende polepole. Nyumbani tunasema "operesheni ya tezi" kana kwamba ni moja. Ziko tatu, na hazifanani kwa sababu, kwa mwili, wala kwa maisha ya baadae.

*Ya kwanza ni ya kufungua njia ya mkojo.* Hii ni ya tezi iliyokua bila kansa. Mara nyingi inafanyika kwa kupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo na kukwangua nyama ya ndani, wanaiita TURP, na kama tezi ni kubwa sana wanaweza kufungua tumbo na kutoa ile nyama ya ndani. Ganda la tezi linabaki. Kwahiyo mzee bado anaweza kupata kansa baadae, PSA inaendelea kupimwa. Baada ya TURP wengi mbegu zinaelekea kibofuni badala ya kutoka nje, haina madhara kiafya ila mzee aambiwe kabla. Na muulize daktari kama nyama inayotolewa itapelekwa maabara, maana mara nyingine kansa inagundulika humo humo.

Operesheni hii haifanywi kwa sababu PSA iko juu. Inafanywa kwa sababu mkojo unasumbua, dawa zimeshindwa, au mkojo unaziba, figo zinaathirika, maambukizi yanarudi rudi, kuna mawe kibofuni. Kuna dodoso la maswali saba linaloitwa IPSS, mzee anajipa alama, 0 mpaka 7 ni usumbufu mdogo, 8 mpaka 19 wa kati, 20 mpaka 35 mkubwa. Kama mzee ana alama 5, analala usiku kucha na mtu anamwambia akwanguliwe kwa sababu ya PSA ya 7, simameni muulize kwanini.

*Ya pili ni ya kutoa tezi yote.* Hii ni ya kansa ambayo bado imekaa ndani ya tezi au karibu yake, kwa mtu ambaye afya yake kwa ujumla inampa matumaini ya kuishi miaka kumi au zaidi. Inatolewa tezi pamoja na vifuko vya mbegu, na mara nyingine matezi ya limfu ya jirani. Hii ndo yenye mambo mawili ambayo wazee wanayaogopa, mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua. Kuvuja kwa wengi kunapungua ndani ya miezi, wachache kunabaki. Nguvu za kiume zinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili kurudi na wengine hazirudi, inategemea umri, zilikuwaje kabla, na kama mishipa ya fahamu iliweza kuachwa. Mbegu hazitoki tena kabisa.

*Ya tatu ni ya kutoa korodani.* Ndiyo, na watu wamesaini bila kuelewa. Kansa ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume na kiwanda kikubwa cha hiyo homoni ni korodani, ukiziondoa homoni inashuka haraka sana. Inatumika kansa ikiwa imesambaa. Lakini kuna sindano kama goserelin au leuprorelin zinazofanya kazi hiyo hiyo bila kukata, mara nyingi za kila mwezi au kila miezi mitatu. Kisu ni mara moja na hakina kurudi nyuma, sindano inadai ratiba isiyokatika. Sikwambii ipi bora kwa mzee wako, nakwambia achague akiwa anajua. Zote mbili zinaleta joto la ghafla mwilini, uchovu, hamu kupungua, na mifupa kudhoofika. Mara nyingi kuna dawa nyingine zinaongezwa juu yake.

Na kuna majibu ambayo siyo kisu kabisa. Mionzi, kwa kansa iliyokaa ndani ya tezi, ni mbadala wa kweli wa operesheni. Kufuatiliwa kwa karibu, yaani PSA kila baada ya miezi kadhaa, MRI na kinyama kwa ratiba, ni matibabu rasmi kwa kansa ya hatari ndogo, hakuna aliyemtelekeza mzee. Utafiti wa Uingereza unaoitwa ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 waliokutwa na kansa ya mapema katika makundi matatu, kufuatiliwa, operesheni na mionzi, na majibu ya miaka 15 yaliyotoka 2023 yalionyesha 45 tu kati yao ndo waliokufa kwa kansa hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Walikuwa karibu wote watu weupe, na wanaume wenye asili ya Afrika wanapata kansa hii zaidi na mapema zaidi, kwahiyo msiichukue kama kibali cha kukaa tu bila vipimo. Ichukueni kama ushahidi kwamba kwa kansa ya mapema kuna muda wa kufikiri. Wiki chache za kutafuta maoni ya daktari wa pili hazitamuua.

Hatua ya 10: Maswali ya kwenda nayo

Yaandike, msome mbele ya daktari bila aibu:

1. Hii operesheni ni ya kufungua mkojo au ya kansa? Kama ni ya kansa, kinyama kimethibitisha?
2. Gleason ngapi, na imetoka nje ya tezi?
3. Kwa umri wake na magonjwa yake, tusipofanya chochote sasa itakuwaje?
4. Mionzi inafaa kwake? Nani tumuone tupate maelezo yake?
5. Umefanya ngapi za aina hii, na wagonjwa wako wangapi wanavuja mkojo baada ya mwaka?
6. Atakaa na mpira siku ngapi, na ukiziba usiku tumpigie nani?

Swali la tano linawapa watu kigugumizi. Daktari mzuri halimuudhi.

Hatua ya 11: Kabla ya kisu na baada ya kisu

Sukari na presha ziwe zimetulia. Aache sigara. Dawa za damu zipangwe na daktari. Kama atatolewa tezi yote, aanze mapema mazoezi ya kubana misuli ile ya kuzuia mkojo na ushuzi, abane sekunde chache, aachie, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Baada ya operesheni aendelee mpira ukishatoka, siyo ukiwa bado ndani.

Mpira baada ya TURP kawaida unakaa siku moja mpaka tatu, baada ya kutoa tezi yote ni wiki moja mpaka mbili. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu muda wote, usilale chini sakafuni, mpira usijikunje, mikono ioshwe kabla ya kuugusa. Anywe maji ya kutosha kama hajazuiwa kwa ajili ya moyo au figo. Asijikamue chooni, ombeni dawa ya kulainisha choo mapema. Asinyanyue vitu vizito kwa wiki nne mpaka sita. Atembee kidogo kidogo kila siku, damu kuganda miguuni ni hatari kubwa kwa mtu anayelala tu.

Mkikwama

*Mpira hautoi mkojo na tumbo la chini limejaa.* Angalia kama umejikunja au mfuko umejaa. Kama bado, hospitali. Usiuvute, ndani una puto lililojazwa maji, ukiuvuta hivyo hivyo unamchana.

*Damu kwenye mkojo baada ya TURP, siku ya kumi hivi.* Gamba la kidonda linabanduka, damu nyepesi inayoisha kwa kunywa maji na kupumzika ni kawaida. Damu nzito, mabonge au mkojo kusimama, nendeni.

*Mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinabana na pumzi inakata.* Dharura, msisubiri.

*Mzee ana kansa na ameanza kuumwa mgongo, miguu inakosa nguvu au ganzi, mkojo au choo vinagoma au vinatoka bila kujua.* Inaweza kuwa uti wa mgongo unabanwa. Hii ni ya masaa, ukichelewa anaweza asitembee tena.

*PSA haijafika sifuri baada ya TURP.* Haitegemewi kufika, tezi bado ipo. Baada ya kutoa tezi yote ndo inatakiwa iwe haionekani ndani ya wiki sita mpaka nane, na ikija kupanda mpaka 0.2 na kurudia hivyo hivyo daktari anaanza kufikiria kuwa imerudi, mara nyingi mionzi bado inaweza kusaidia hapo.

*Mzee amekataa kila kitu.* Usimpigie kelele. Muulize anaogopa nini hasa, maana mara nyingi siyo kifo. Baba yangu alikuwa anaogopa kuvaa nepi mbele ya wakwe zake, na hilo alilisema siku ya tatu nilipokaa naye nje bila kuulizia hospitali. Tulipomwambia daktari, maelezo yote yalianza upya kutokea hapo, na siku hiyo akakubali kurudi kwa kinyama.

*Madaktari wawili wamesema vitu viwili.* Mpeni kila mmoja ripoti ile ile, kamili, na muulize kila mmoja sababu yake. Mara nyingi utakuta mmoja hakuwa ameona MRI au hakuwa anajua ile dawa anayomeza mzee.

*Na wewe kijana wake?* Kama baba amethibitishwa kuwa na kansa, hatari yako ni kama mara mbili ya mtu asiye na ndugu aliyeugua. Ongea na daktari kuhusu kuanza kupima ukiwa na miaka 40 mpaka 45, na uwaambie kaka zako. Ile karatasi ya Gleason ya baba uipige picha uitunze, siku ukiulizwa habari za ukoo utakuwa nayo.